Fizi: Duriti isiyoonekana ndiyo inayolaza abiria njiani

Baraka, Kivu ya Kusini – Kila anayesafiri mara kwa mara kwenye barabara ya kitaifa namba 5 anaijua picha hii. Noah ya zamani imesimama kando ya njia, kati ya Nundu na Baraka. Kiti cha mbele kimeinuliwa, na mvuke unatoka chini yake kama chungu cha maharagwe kilichofunuliwa. Juu ya gari kuna magodoro, sufuria, na baiskeli moja isiyo na gurudumu la mbele. Abiria wameshuka. Mama mmoja ameketi juu ya furushi lake, mtoto yuko mgongoni, na kila mara anatazama jua limefika wapi. Kijana wa gari ametumwa ziwani na bidoni. Shofere anasema neno lile lile la kila siku: "Ni radiateri."

Mara nyingi si radiateri. Radiateri inalaumiwa kwa sababu iko wazi na kila mtu anaijua. Kilichopasuka ni kipande cha mpira kilichojificha nyuma ya motere au chini ya sakafu, mahali ambapo mkono wa mtu mzima hauingii bila kuchubuka. Ni duriti ya shofaje. Na ikipasuka njiani, si bahati mbaya. Ilianza kuoza tangu miezi. Fundi aliiona, au alijua kwamba hajaiona, na mwenye gari alikataa kulipa saa za kazi za kuifikia. Gharama aliyoikwepa garajini inalipwa na yule mama aliyekaa juu ya furushi.

Jambo hili lingebaki la mafundi peke yao kama gari hizi zingekuwa zinabeba mchanga tu. Lakini tangu vita ilipofika Bukavu Februari 2025, na Uvira Desemba mwaka ule ule, familia nyingi zimekimbilia upande wa Baraka na Fizi, zikiwakuta wengine waliokwisha kushuka kutoka milima ya juu miaka ya nyuma. Mtu aliyekimbia hana gari lake. Anapanda ile inayopatikana, mara nyingi kwa pesa ya mwisho aliyokuwa nayo, au kwa pesa aliyotumiwa na ndugu kwa simu. Hawezi kulipa mara mbili. Gari ikimwacha njiani jioni, analala njiani, na kwenye barabara hii kulala njiani si jambo dogo.

Kwa hiyo ni vizuri hata asiyejua kushika ufunguo wa garaji aelewe ugonjwa huu ulivyo.

Motere ya gari inapozwa kwa maji yanayozunguka ndani yake. Pampu inayasukuma. Sehemu kubwa inakwenda kwenye radiateri, inapigwa na upepo na kurudi ikiwa imepoa. Sehemu nyingine inapita njia yake ya pembeni: inatoka motereni kwa mpira mmoja, inaingia kwenye radiateri ndogo iliyofichwa nyuma ya tablo, kisha inarudi kwa mpira wa pili. Hiyo radiateri ndogo ndiyo shofaje, kazi yake ni kuwapasha joto walio ndani. Fundi aliyejifunza kazi Uvira au Bukavu anaiita mipira hiyo duriti za shofaje. Aliyejifunza Kigoma, au katika kambi ya Nyarugusu kabla ya kurudi nyumbani, anasema mpira wa hita, na radiateri kwake ni rejeta. Baraka ina mafundi wa aina zote mbili, na wakati mwingine wanabishana nusu saa kumbe wanasema kitu kimoja.

Mwenye gari wa Baraka ana jibu moja kwa habari hii yote: "Shofaje ya nini, fundi? Hapa Baraka kuko baridi?"

Kwa upande mmoja ana haki. Pwani hii ya Tanganyika haina mtu anayewasha joto ndani ya gari. Lakini mpira haujui kama swichi imewashwa au imezimwa. Katika gari nyingi maji yanapita hapo muda wote motere inapowaka. Katika zile zenye robine ya kufunga shofaje, ule mpira ulio kabla ya robine unabaki umejaa maji ya moto vilevile. Na maji hayo hayako huru. Bushoni ya radiateri imetengenezwa ili iyabane, kwa nguvu inayokaribia bari moja, ili yasichemke hata yakizidi nyuzi 100. Mpira ukifunguka popote, ule mbano unakwisha mara moja na maji yanachemka pale pale. Tena ukitoka Baraka, ambapo ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ukapanda kilomita kama 35 mpaka Fizi-centre, unafika mahali ambapo maji yasiyobanwa yanachemka kabla hata ya kufika nyuzi 100. Mlima unaidai motere nguvu zaidi, na wakati huohuo unayapunguzia maji uvumilivu. Ndiyo maana gari nyingi zinazotembea vizuri kando ya ziwa zinafia kwenye mpando.

Kuna kitu kibaya zaidi ambacho mashofere wengi hawajafundishwa. Kwenye tablo kuna mshale wa joto. Mshale huo unapata habari kutoka kidude kidogo kilichotumbukizwa ndani ya maji ya motere. Maji yakiwepo, unasema kweli. Maji yakikwisha ghafla, kile kidude kinabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza kusimama katikati, au hata kushuka, wakati chuma kinaungua. Shofere anauona umeshuka, anamshukuru Mungu, anaongeza mwendo. Dakika chache baadaye kulase imepinda. Kulase ya aluminiamu haisamehi. Ikipinda, maji yanaingia kwenye mafuta ya motere, na hapo haizungumziwi tena duriti, inazungumziwa motere nyingine. Gari iliyokuwa inalisha nyumba mbili au tatu inageuka banda la kuku.

Mpira huu upo wapi hasa? Inategemea gari, na ubaya wa kila gari una jina lake. Noah za zamani, zile zilizoanza kutoka mwaka 1996 zenye motere chini ya viti vya mbele, zina mipira inayopita mahali pembamba kati ya motere na bodi. Nyingi zina shofaje ya pili nyuma, kwa abiria. Maana yake maji ya moto yanasafiri chini ya sakafu kwa mabomba ya chuma, kisha yanapanda ndani kwa vipande vifupi vya mpira. Mabomba yale yanakula tope la barabara hii msimu mzima wa mvua na yanaoza kutoka nje. Ikipasuka ile ya nyuma, maji ya moto yanaweza kumwagika ndani, miguuni mwa watu waliobanana na watoto wao. Hiace nyingi zina mpango huohuo.

Land Cruiser wanazoziogopa mafundi ni zile za umbo la 80, zilizoanza kutengenezwa 1990, hasa zenye motere ya esansi ya lita 4.5. Nyuma kabisa ya motere, karibu na ukuta unaoitenganisha na chumba cha abiria, kuna kipande kifupi cha mpira, hakifiki urefu wa kiganja. Hakionekani kutoka juu, na kutoka chini kinaonekana kwa shida. Wenye gari hizo huko Marekani wamekipa jina lao, kwa maana ya mpira msumbufu, na wanaandikiana kurasa nyingi jinsi ya kukifikia. Kama watu wenye karakana zenye umeme na mashine za kuinua gari wanalalamika hivyo, fundi wa Baraka anayelala juu ya kipande cha karatoni na tochi ya simu mdomoni anastahili angalau kulipwa.

Hapo ndipo penye ubishi wenyewe.

Sikiliza mazungumzo ya garajini. Fundi: "Patroni, hizi duriti za nyuma zimekwisha. Tuzibadilishe zote mbili na koliye zake." Mwenye gari: "Bei gani?" Fundi anataja bei ya mpira, ambayo ni ndogo kuliko bei ya tairi moja. Mwenye gari anakubali. Kisha fundi anataja bei ya mikono: nusu siku, labda siku nzima, kwa sababu ni lazima atoe viti, atoe bomba la hewa, amwage maji yote, afungue hiki na kile ndipo aufikie mpira. Mwenye gari anacheka. "Siku nzima kwa kampira ka dola chache? Fundi, unataka kunijengea nyumba yako?" Anapanda gari na kuondoka, au anasema lile neno ambalo limeua motere nyingi katika tarafa hii: "Wewe funga tu hapo, itafika."

Watu wanakubali kulipa kitu wanachoweza kukishika. Tairi jipya linang'aa, kila mtu analiona. Duriti mpya ya nyuma haimpi mwenye gari chochote cha kuonyesha. Gari inatoka garajini ikiwa na sura ileile iliyoingia nayo. Kwa hiyo anahisi ameibiwa. Ni hisia ya kawaida lakini si ya kweli. Bei ya duriti ni bei ya mpira pamoja na mahali ulipo, na mahali ulipo alipachagua aliyetengeneza gari. Fundi hana kosa hapo.

Hata hivyo mafundi nao wasijifanye malaika. Mwenye gari akikataa kulipa siku nzima, wapo wanaokubali kazi kwa bei ya nusu, kisha wanaifanya nusu kweli. Mpira wa mbele unaofikika unabadilishwa, wa nyuma unaachwa, na mwenye gari anaambiwa yote ni mipya. Koliye isiyofikika kwa turnevisi inaachwa bila kukazwa, au inafungwa kwa waya. Wengine wanachukua tiyo ya kumwagilia bustani, au tiyo ya esansi, kwa sababu unene wa nje unafanana. Tiyo ya bustani inalainika kwenye maji ya moto kama mshumaa. Ile ya esansi haikutengenezwa kwa joto hilo wala kwa maji. Na wapo wanaozungushia mpira uliopasuka kipande cha shambreri ya baiskeli, wakakifunga kwa nguvu. Kwa kufika kijiji kinachofuata, sawa, hakuna wa kumlaumu mtu aliyekwama porini. Lakini shambreri ile ikikutwa palepale baada ya miezi miwili, na abiria wameshabebwa mara arobaini juu yake, huo ni uongo uliofungwa kwa waya.

Njia ya mkato inayopendwa kuliko zote ni kuikata shofaje kabisa. Fundi anachomoa mipira yote miwili kwenye radiateri ndogo ya ndani na kuunganisha ule wa kwenda na ule wa kurudi, maji yazunguke bila kuingia ndani. Wengine wanaiona kama dhambi. Si dhambi. Kwa gari ya Baraka ambayo shofaje yake ya ndani inavuja, na hakuna nyingine ya kununua, ni uamuzi wenye akili, ikiwa umefanywa kwa mpira mzuri wa maji ya moto, usiokunjika na kuziba, na koliye nzuri pande zote. Ile ya nyuma ya Noah, ambayo hapa haina kazi yoyote, inaweza kukatwa kwa njia hiyo bila majuto. Kibaya ni kuziba kwa kipande cha mti au kwa bolti iliyofungiwa raba. Bolti ile inatoka siku ya mpando, na mara nyingine kuziba kunayakatiza maji njia ambayo motere ilikuwa inaihitaji ili joto lake liwe sawa kila upande.

Na hata ikikatwa vizuri, mwenye gari ajue anapoteza nini. Mvua za Fizi zikinyesha na gari imejaa watu, kioo cha mbele kinafunga ukungu kwa pumzi za abiria. Hewa ya moto ya shofaje ndiyo inayoufuta haraka, si kile kitambaa cha shofere anachopangusia huku akishika usukani kwa mkono mmoja. Anayepanda kwenda Bukavu kupitia Ngomo usiku anaelewa zaidi. Tena shofaje ni radiateri ya akiba. Joto likianza kupanda mlimani, shofere anayejua kazi anazima kiyoyozi kama kipo, anafungua madirisha, anawasha shofaje mpaka mwisho. Abiria wanatoka jasho na kunung'unika, lakini joto linatolewa motereni na kupitishwa ndani, na gari inaweza kufika mahali pazuri pa kusimama. Aliyeikata shofaje ameitupa nafasi hiyo.

Maji nayo yana neno lao. Desturi ya barabara hii ni kuchota ziwani. Tanganyika ni ziwa zuri kwa dagaa na kwa kuoga, lakini maji yake yana madini mengi na ni makali kidogo kwa asili. Yakichemshwa kila siku ndani ya motere yanaacha ukoko, kama ule unaoonekana ndani ya birika la zamani. Ukoko na kutu vinaziba kwanza njia nyembamba, na radiateri ya shofaje ndiyo yenye njia nyembamba kuliko zote. Mpira wenyewe unaliwa kutoka ndani, kwa nje unaonekana mzima na mweusi. Maji ya kupozea yanayouzwa madukani ni ghali kwa wengi, hilo linaeleweka. Basi angalau maji ya mvua, yaliyokingwa bati likiwa limekwisha kuoshwa na mvua ya kwanza, yachujwe kwa kitambaa na yawekwe kwenye bidoni ya gari. Ni bure na ni afadhali mara nyingi kuliko ya ziwa.

Kwa fundi kijana anayeikuta kazi hii kwa mara ya kwanza, mambo machache yanafaa kusemwa waziwazi. Asiguse chochote motere ikiwa ya moto; bushoni iliyofunguliwa kwa haraka imeunguza nyuso nyingi, na watoto wanaopenda kuchungulia garajini wafukuzwe kabla. Duriti iliyozeeka haivutwi. Imeshikamana na bomba la chuma, na ukiivuta kwa pensi unang'oa bomba la radiateri ya ndani, halafu kazi ya siku moja inakuwa ya wiki. Inapasuliwa kwa kisu chembamba kwa urefu, polepole, ikafunguka kama ganda la muhogo. Bomba linasuguliwa mpaka kutu yote iishe, kwa sababu mpira mpya juu ya kutu ya zamani utavuja usiku wa kwanza. Kipimo cha ndani cha mpira katika Toyota nyingi ni milimita 16, lakini asinunue kwa kukumbuka. Apeleke kipande sokoni. Koliye inavalishwa kwenye mpira na kuelekezwa upande ambao turnevisi itafika, kabla mpira haujaingia mahali pake. Wengi wanalikumbuka hilo mpira ukiwa umekwisha kuingia.

Na mipira yote ibadilishwe siku moja. Hii ndiyo sehemu ambayo mwenye gari mwenye hesabu nzuri anapaswa kuielewa haraka kuliko fundi. Gari ya mwaka 1996 ambayo haijawahi kufunguliwa huko nyuma ina mpira wa miaka karibu 30, wenye umri kuliko shofere wake mara nyingine. Mmoja ukipasuka, wenzake walizaliwa siku moja nao na wamepikwa kwenye maji yaleyale. Viti vimekwisha kutolewa, maji yamekwisha kumwagwa, siku imekwisha kulipwa. Kubadilisha mmoja na kuwaacha watatu ni kulipa siku hiyohiyo mara nne.

Baada ya kazi, hewa itolewe. Gari isimamishwe pua ikiangalia juu ya mteremko, shofaje ifunguliwe mpaka mwisho, bushoni iachwe wazi, motere iwake taratibu huku maji yakiongezwa mpaka mapovu yaishe. Mafundi wengi wanairuka hatua hii, gari inachemka kesho yake, na mpira mpya unasingiziwa.

Abiria naye hana ufunguo wala turnevisi, lakini ana macho. Gari iliyopakia bidoni tatu za maji kabla ya kuondoka parkingi imekwisha kukiri ugonjwa wake. Zulia la mbele likiwa limelowa upande wa abiria bila mvua, na harufu kama ya sukari iliyoungua, ni shofaje inayovuja. Dimbwi chini ya gari iliyosimama usiku, vilevile. Hakuna ubaya kuuliza kwa heshima: "Papa shofere, hii gari inakunywa maji?" Shofere mwaminifu atajibu. Anayekasirika amejibu pia. Ni kweli mtu anayekimbia risasi hachagui gari, na hakuna anayeweza kumwambia mama wa watoto watano ashuke akatafute nyingine. Lakini safari nyingi za wakimbizi wa ndani si za siku ya risasi. Ni za wiki zinazofuata, kumfuata ndugu Lulimba, kumpeleka mtoto hospitali ya Nundu, kurudi kuangalia shamba. Katika safari hizo kuna nafasi ya kuuliza.

Chama cha mashofere kingeweza kuimaliza sehemu kubwa ya tatizo kwa sharti moja dogo kwenye parkingi: abiria aliyelipa mpaka Fizi na gari ikafia Mukera njiani, arudishiwe pesa ya njia iliyobaki siku hiyohiyo, si "kesho nitakutafuta". Mwenye gari akijua kwamba duriti iliyopasuka itamtoa pesa mfukoni mbele ya watu kumi na wawili, ile siku nzima ya fundi haitakuwa ghali tena. Leo hasara yote ya njiani inabebwa na aliyepanda, ndiyo maana aliyeendesha hana haraka.

Mashirika yanayokodi gari za raia kubeba wagonjwa au wafanyakazi nayo yana nguvu ambayo abiria hana. Yanaweza kudai. Shirika linaloangalia karatasi, asiransi na matairi tu, bado halijaiangalia gari. Dakika kumi za kuwasha motere mpaka ipate joto, kupita na tochi chini yake, na kuubana mpira kila mahali mkono unapofika, zinatosha kujua mengi. Mpira mzima unabana na kurudi. Uliokwisha unakuwa mlaini kama ndizi iliyoiva karibu na koliye, au mgumu wenye nyufa, au umevimba. Pale ambapo mkono haufiki, mwenye gari aulizwe swali moja: mara ya mwisho kulifunguliwa lini? Asipokumbuka, gari haijawa tayari kubeba mgonjwa.

Upande wa mwenye gari nao usikilizwe. Mafuta yamepanda, bariera zinakula kila safari, barabara inavunja resoti na matairi kwa zamu. Piesi zinazopita Uvira zinafika kwa shida, na zile za Kigoma zinangoja mashua na hali ya ziwa. Mwenye gari anayeahirisha duriti si tajiri bahili siku zote. Mara nyingi ni mtu anayechagua ni kidonda gani akitibu leo. Lakini achague akijua. Tairi likipasuka, gari inasimama na motere yake ni nzima. Duriti ya nyuma ikipasuka, inaweza kuondoka na motere. Katika foleni ya vidonda, hicho hakipaswi kuwa cha mwisho.

Na kwa vile duka la jirani huenda halina kipimo kinachotakiwa, mpira wa zamani usitupwe. Fundi aukate kipande chenye urefu wa kidole, aupanguse, ampe mwenye gari aufunge kwa kamba chini ya kiti pamoja na jeki. Siku ya kumtuma mtu Kigoma au Uvira, hatabeba maneno kichwani ya "duriti ya Noah ile ya zamani". Atabeba kile kipande, akiweke mezani mwa muuzaji.